Barua ya Wazi kwa Mwenye Funguo za Maktaba

Kwa Mheshimiwa Mwenye Funguo,
Maktaba ya Umma (jina tunalihifadhi, kama wewe unavyohifadhi vitabu).

YAH: OMBI LA VITABU KUTAMBULIWA RASMI KUWA NDIZI

Husika tafadhali na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi huku Kyimo, Rungwe, wazima, mvua tu ndiyo inatunyeshea, na hiyo si habari. Rungwe isiponyesha ndipo tuandikiane barua.

Nakuandikia kwa heshima na taadhima, kwanza kukupongeza kwa ulinzi. Jumamosi iliyopita niliwaleta tena vijana wangu 13, wa miaka 13 hadi 17, kwenye ule ukumbi tulioahidiwa saa nne asubuhi: kusoma, kuchora na kufanya mazoezi ya igizo. Tulikuta kufuli. Jumamosi ya kabla yake tulikuta kufuli. Ile ya nyuma yake tulikuta mlango wazi, tukafurahi kama wajinga, kumbe ndani kuna semina. Mada ilibandikwa mlangoni: Kuhamasisha Vijana Kupenda Kusoma. Vijana wenyewe walikuwa barazani, wananusa sambusa za washiriki.

Siku hiyo binti mmoja wa Kidato cha Tatu alikuwa ameshika nakala yetu pekee ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Kitabu amekifunika kwa jani la mgomba, yeye mwenyewe analowa. Ukatoka, ukamtazama miguuni, ukasema, "Usikanyage hapa, utachafua sakafu." Akavua kandambili, akasimama peku kwenye saruji mpaka washiriki wakatoka kunywa chai. Mambo ya Ngoswe tunaambiwa tumwachie Ngoswe. Sasa kama Ngoswe mwenyewe umemfungia nje, mambo yake tumwachie nani?

Kwa kuwa najua una shughuli nyingi, maombi yangu ni manne tu.

La kwanza, lile bango la KIMYA. Igizo halifanyiwi mazoezi kwa kunong'ona. Tunaomba lihamishiwe kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, ambako lina kazi ya kufanya.

La pili, saa. Mnafungua watoto wakiwa darasani, mnafunga wakitoka. Kama ratiba yenu haiguswi, basi iombeni serikali ihamishie shule usiku.

La tatu, meza ya sanaa ina penseli moja ya rangi, nayo ni kahawia. Tumeshachora mlima Rungwe, tope na ng'ombe. Tukipata na ya kijani tutashukuru, maana wilaya yenyewe ni ya kijani.

La nne ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Tunaomba vitabu viandikishwe kuwa ndizi.

Tafakari, Mheshimiwa. Mkungu unaokatwa leo hapa Kyimo haudaiwi mdhamini, wala picha mbili za pasipoti, wala barua ya Mtendaji wa Kata. Jioni uko juu ya Fuso, umelazwa kwenye majani makavu. Unapita Uyole, unapita Makambako, unateremka Kitonga usiku dereva akiomba Mungu, na baada ya siku chache uko Dar es Salaam, Mabibo, Mahakama ya Ndizi, wachuuzi wanaugombania. Kitabu cha kabatini kwako je? Kuna kimoja nakijua kwa mgongo wake mwekundu. Tangu nikiwa darasa la sita hakijahama hata rafu moja.

Vikiwa ndizi, kila kitu kitanyooka. Riwaya zitauzwa kwa mkungu, hadithi fupi kwa chane, shairi kwa kidole. Akina mama watazipanga kando ya barabara, na abiria wa basi la Kasumulu watachungulia dirishani: "Mama, hii tamthilia imekomaa?" "Imekomaa, baba, ila mwisho wake una ukakasi kidogo." Iliyo changa tutaivundika shimoni, tufukie, tusubiri. Bwana shamba atapita na gambuti zake kukagua mnyauko wa majalada. Na halmashauri itaweka geti, itaketisha kijana na mashine ya ushuru, na hapo ndipo kitabu kitakapopata heshima yake, kwa sababu kitu chenye ushuru hakuna anayekubali kilale. Mkurugenzi ataulizwa kwenye kikao: mwezi huu yametoka magari mangapi ya mashairi? Naye atajibu kwa takwimu!

Lakini faida kubwa ni moja. Ndizi huoza, ndiyo maana kila anayeigusa ana haraka. Kitabu hakiozi, basi hata wewe huna haraka nacho.

Hapa naomba niache kukuchekea. Kinachooza si kitabu. Ni umri. Miaka 14 haifungiwi kabatini ikakaa. Kijana wetu aliyeshika mwaka juzi nafasi ya Ngoswe, yule karani wa sensa, aliyajua maneno yake yote kichwani. Hakuwahi kuyasema mbele ya watu, kwa sababu kila mara uliniambia nije Jumamosi ijayo. Amemaliza Kidato cha Nne. Sasa yuko barabarani na daftari, anahesabu mikungu inayopakiwa. Ukarani ameupata. Jukwaa ulimnyima wewe, tena kwa sauti ya upole, huku funguo zikining'inia kidoleni, na sakafu yako ikibaki safi kwa ajili ya viatu vya wanasemina. Maktaba Kuu ya Taifa, kule Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Hakuwa anafungua stoo.

Samahani, nimepandisha sauti. Bango nimeliona.

Narudi kwenye heshima na taadhima. Kama ombi la ndizi litahitaji mchakato, kamati na semina, sisi hatuna neno. Tunaomba tu semina hiyo isifanyike Jumamosi. Saa nne asubuhi tutakuwa barazani kama kawaida. Miguu tutakuwa tumenawa.



Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlezi wa vijana 14 (13, tukimtoa aliye barabarani na daftari)

Nakala:
Kufuli, kwa taarifa.
Fuso lolote linalopakia leo Kyimo, kwa utekelezaji.