Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Bandari: Naomba Kazi ya Urubani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Halmashauri ya Bandari ya Kenya,
Mombasa.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Naro Moru, mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hilo la "juu ya bahari" ulitie maanani kabla hujasoma mengine. Wenzangu watakuomba kazi ya kuingiza meli Kilindini wakiwa kando ya maji. Mimi niko juu yake tangu nizaliwe, na sijalowa.

Huku kwetu ukitaja rubani, watu hutazama mawinguni. Wewe unajua kwamba neno hilo lilikuwa la vyombo vya baharini kabla ndege haijaota mabawa. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani, akamfikisha Calicut, na sijasikia kwamba aliulizwa vyeti. Siku hizi mmekuwa wakali. Mtu awe kwanza ofisa wa meli kwa miaka, na ikiwezekana nahodha kamili. Kisha aandamane na rubani mkongwe, safari baada ya safari, aanze na meli ndogo na kupandishwa daraja polepole. Ajue kila boya, kila kina, maji yakijaa na yakipwa. Apitishe jabali la chuma pale Likoni, ambapo feri zinakata njia zikiwa zimejaa watu waliochelewa kazini. Tena daktari ampime macho, asije akachanganya boya jekundu na la kijani.

Macho ninayo. Na nimesoma habari za ngazi: rubani hupanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli ambayo bado inatembea, na mpando ukizidi mita 9, kanuni za kimataifa zinataka awekewe na ngazi nyingine ya kumsaidia. Mita 9, Mheshimiwa! Mimi huongoza watalii mpaka Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, tena baada ya kuvuka kile kinamasi cha mteremkoni kinachomeza viatu. Sijawekewa hata kigoda.

Kazi zetu ni ndugu. Nahodha anaijua meli yake, ila mlango wa Kilindini haujui. Mtalii anaijua miguu yake, au anadhani anaijua, ila mlima haujui. Ukisema mtu wa mlimani hawezi kuongoza mahali asipopajua, nitakukumbusha mwaka 1899. Mwingereza Mackinder alileta viongozi wawili kutoka Courmayeur, Italia, Ollier na Brocherel, wakapanda naye mpaka kilele cha Batian. Wakikuyu walioutazama mlima huo kila asubuhi walipewa mizigo, pamoja na Waswahili waliotoka huko kwenu. Kwa hiyo Pwani ilishatutembelea zamani. Mnatudai safari ya kurudi.

Na bahari si lazima. Embakasi kuna bandari kavu, Naivasha kuna bandari kavu. Kama bandari imeweza kuishi bila maji, rubani atashindwaje? Hata mto wetu umejaribu: unashuka mlimani, unaingia Ewaso Ng'iro, kisha maji yanapotelea kinamasi cha Lorian kabla ya kuonja chumvi. Angalau mimi nitafika kwa matatu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Mtoto wa dada yangu alisomea ubaharia. Anajua kuogelea, kuzima moto, kusoma ramani ya bahari. Amebakiza miezi 12 ya kufanya kazi melini ndipo aanze kuitwa ofisa, na kila meli aliyoiomba inataka mtu ambaye tayari amekaa melini. Zinazotia nanga Kilindini zinapeperusha bendera za Panama, Liberia na kwingineko. Ya kwetu ya kumchukua hatujaiona. Ngazi ya urubani mmeisimamisha vizuri sana, ila kipandio chake cha kwanza kiko Panama. Siku ya Jumanne alibeba mkoba wa mtalii mpaka kambi ya Mackinder, cheti cha ubaharia kikiwa ukutani kwa mama yake.

Mkimpatia huyo kijana meli kwa miezi 12, ombi langu litupeni. Msipompatia, niiteni kwa mahojiano. Pigeni simu baada ya Ijumaa. Kabla ya hapo niko mlimani na huko mtandao haushiki.

Wako mtiifu,
Kiongozi wa watalii,
Naro Moru.