Jinsi ya Kushusha Gari Hadi Bondeni

Hongera kwa Altezza. Imetoka Japani, imeshuka bandarini Dar, imepita Mikumi na Makambako bila kulalamika, na sasa imeegeshwa Mbeya ikingoja uiteremshe Kyela watu wakuone. Ila usiondoke hivyo hivyo. Gari likifika nyumbani kama lilivyotoka kiwandani, nani atajua kwamba umefanikiwa? Kuna kulishusha barabarani, na kuna kulishusha kimo. Sisi tutafanya yote mawili. Nifuate.

1. Kata springi

Springi fupi za kiwandani zipo, na shokapu zake zipo, na bei yake inaumiza. Achana nazo. Tafuta fundi mwenye grainda, mwambie akate mzunguko mmoja na nusu kila upande. Akate kwa jicho. Kupima ni dalili ya woga.

Springi iliyokatwa inafanya mambo mawili kwa mpigo: inafupika na inakakamaa, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache na mzigo ni ule ule. Shokapu hakuna aliyeitaarifu. Itaendelea kutuliza springi laini ambayo haipo tena, na gari litakuwa linadundadunda kama mpira wa chandimu. Kudunda huko, ukiulizwa, kunaitwa "sporti".

Jambo dogo tu: ukipiga jeki, springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Irudishe kimyakimya. Mbona hata meno ya bandia huchomoka, na mwenye nayo haitishi mkutano.

2. Vaa rimu kubwa

Rimu kubwa inataka tairi la ubavu mwembamba, na ubavu wa tairi ndiyo springi ya kwanza ya gari, ile inayolikuta shimo kabla ya nyingine zote. Kwa hiyo hapa unaua ndege wa pili kwa jiwe ulilobaki nalo. Pesa ikiwa imeishia kwenye rimu, chukua tairi za mtumba. Kipara si aibu. Wazee wetu wangapi wanacho?

Utaambiwa kwamba Rungwe na Kyela ni katika sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi kuliko zote, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwamba ile mifereji ya tairi ipo ili maji yapate pa kukimbilia. Jibu kwamba wewe huendeshi wakati wa mvua. Watu wa Tukuyu, kule Rungwe, watacheka, lakini Tukuyu ni mbali na baa ya kwenu.

3. Usipime magurudumu

Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kila gurudumu. Ukiishusha, magurudumu yanainamisha vichwa kwa ndani kama watu wanaosengenya, na tairi zinaliwa upande wa ndani, usioonekana. Bahati iliyoje! Anayetazama akiwa amesimama ataona tairi nzima. Stelingi ikivuta kushoto, kaa upande kulia kidogo. Abiria watadhani ni mkao wa madereva wa mashindano.

Kama umenunua Subaru Impreza, mambo ni matamu zaidi. Pale mbele bodi huinama kwa kuzunguka kitovu fulani kisichoonekana. Ukishusha gari, mikono ya chini inageuka kuelekea juu, na kile kitovu kinashuka kuliko gari lenyewe. Maana yake umelishusha gari lako na papo hapo umeliongezea hamu ya kuinama. Si kila mtu anaweza kulipia kitu na kinyume chake kwa risiti moja.

4. Teremka

Sasa panda, washa, shuka. Tukuyu iko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi. Ufuko wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Zaidi ya kilomita nzima ya kwenda chini, katikati ya migomba na mashamba ya chai, na mbele yako lori la ndizi.

Ingia kona kwa kasi. Utahisi gari haliinami kama zamani, na hapo ndipo moyo utajaa. Usikumbuke kwamba uzito unaokimbilia magurudumu ya nje hauulizi springi yako ni ngumu kiasi gani. Unauliza mwendo wako, ukali wa kona, kimo cha uzito wa gari na upana wa magurudumu. Wewe umekata kuinama, uzito hukuukata. Kuinama ndiko kulikokuwa kunakuambia kwamba umezidisha. Sasa umemnyamazisha mjumbe, endelea na safari.

Ukifika katikati ya kona, ogopa. Achia mafuta ghafla, gusa na breki kidogo. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na mkia unataka kuja kuona kuna nini huko mbele. Ukinusurika, shusha kioo, toa kiwiko nje, tazama ndizi za watu kama uliyekusudia.

5. Tayarisha hadithi

Pale stendi vijana watauliza. Waambie gari limefungwa kama magari ya Safari Rally. Tahadhari moja: usiseme mbele ya mzee. Mzee atakumbuka kwamba mashindano yale yalianza mwaka 1953 na yalikuwa yanapita mpaka Tanganyika. Kwamba Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo kwake ilikuwa mtumba. Kwamba Colin McRae alishinda mwaka 1997 kwa Impreza, ndugu wa hiyo yako kama ulichagua Subaru. Kisha atakumaliza taratibu: "Lakini mwanangu, wale wakija huku walikuwa wanayainua."

Ni kweli, na usibishane. Gari la barabara mbovu linataka gurudumu lenye nafasi ya kupanda na kushuka, ili tairi isiachane na ardhi. Tairi iliyo hewani haikati kona wala haifungi breki. Mwamkie mzee tena, "Shikamoo," kama vile mara ya kwanza hakusikia, kisha kazidishie muziki sauti.

6. Heshimu matuta

Tuta ndilo afisa ukaguzi pekee asiyepokea maelezo. Lipite mshazari, gurudumu moja moja. Likiwa refu, simamisha gari na umwombe shangazi yako uliyempakia ashuke "apunge hewa". Akishapunga hewa mara nne kabla ya Ipinda, mpe simu yako atazame picha.

7. Beba vyungu

Jumamosi mpeleke shangazi gulioni Lyulilo, pale Matema. Atataka vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe. Mnunulie vitano, vipange kwenye buti, funga kwa kishindo. Vyungu hivyo vimekuja kwa mtumbwi, vikipigwa na mawimbi ya Nyasa, bila ufa.

Njiani mtapitwa na bodaboda aliyebeba kumi. Ametandika majani makavu ya mgomba chini, amechomeka mengine katikati, amefunga kwa mpira wa tyubu, na shokapu zake hakuna aliyezigusa. Atakupigia honi ya salamu. Jibu kwa taa. Honi ingeonyesha unamjua.

Mkifika nyumbani, fungua buti wewe mwenyewe, shangazi akiwa bado anashuka. Sema vyungu vya siku hizi havichomwi vizuri. Asiposema kitu, usiongeze neno, huyo ameshaelewa.

Vigae usitupe. Chagua kimoja kinene, ukihifadhi chini ya kiti. Springi ikichomoka tena usiku, fundi akiwa amelala, kipachike pale kwenye kikalio ili ufike nyumbani polepole. Utakuwa ulitoka Matema gari likiwa limebeba chungu, na sasa unarudi nyumbani chungu kikiwa kimebeba gari.