Imebaki Vifungo Tu

Jioni moja kijiweni kwetu, kahawa bado ya moto na kashata zimebaki tatu, mtu akauliza: ukirudishiwa miaka 18, ungefanya kazi gani? Mwalimu mstaafu akasema kazi yoyote isiyo na madaftari ya kusahihisha. Dereva wa malori akachagua urubani, kwa sababu huko juu hakuna matuta. Muuza kahawa alipoulizwa alisema yeye yuko kazini, tumlipe. Zamu yangu ilipofika, mimi mwenye miaka 30 na ushee katika uhasibu, nilijibu bila kufikiri: fundi cherehani.

Walicheka. Hawakumjua baba yangu.

Baba alishonea Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ya duka la mtu. Cherehani chake kilikuwa cha miguu, cheusi, chenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika nusu. Zama zile za Kaunda suti, kila aliyepanda cheo alitaka mpya, na mabwana waliokuwa wakiogopwa maofisini walikuja kumbembeleza.

"Fundi, vipi?"

"Imebaki vifungo tu."

Mimi niliyekuwa nikifagia vipande nilijua kwamba kitambaa cha bwana huyo bado kimefungwa kwenye gazeti alilokuja nalo, juu ya kabati. Naye bwana humnunulia baba soda na kuondoka akishukuru. Sijaona kazi nyingine ambayo mtu anachelewa kisha anapewa kinywaji.

Ilikuwa na taabu zake, sikatai. Usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhani, kanzu za Idi zimerundikana mpaka dirishani, baba alimwona mteja anakuja akajitosa chini ya meza ya kukatia. Mteja hakuondoka. Alipanda akakaa juu ya meza ileile, akaagiza kahawa, akaanza kunisimulia habari za mkonge. Baba alitoka saa sita usiku, mgongo haunyooki, akaniambia nikazane na shule.

Nikakazana. Mwaka 1985, kidato cha nne, tukajaza fomu za kuchagua masomo ya mbele. Baba akasema andika uhasibu, mhasibu hushika fedha. Hakufafanua za nani. Alikuwa na sababu zake: tangu bajeti ya 1984 milango ya biashara ilikuwa imeanza kulegezwa, mitumba ikaja, na Kaunda suti zikaenda zake na waliozivaa. Baba akabaki kupunguza viuno vya suruali za Wazungu wanene asiowajua.

Mitihani ya Bodi ya wahasibu, NBAA, niliirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Na tangu nimefaulu, taarifa ya mwezi ikichelewa siku mbili naandikiwa barua ya kujieleza. Mwaka fulani nilijaribu njia ya baba. Nilimwambia mkubwa wangu, "Imebaki viambatisho tu." Akataka kuviona.

Basi maneno ya kijiweni yakaniingia kichwani. Mpwa wangu alikuwa anaoa Jumamosi, na suruali ya suti yangu ilizidi inchi mbili. Nikakitoa stoo cherehani cha marehemu baba, nikakipangusa, nikakitia mafuta.

"Baba Zuhura, si umpelekee kijana hapo nje? Elfu tatu tu," mke wangu alisema.

Nikamjibu kwamba anasema na mtoto wa fundi.

Nilipima kihasibu: tepu, chaki, karatasi ya hesabu. Nikakata mguu wa kulia inchi mbili. Simu ikaita, ofisini wanauliza vocha. Niliporudi, nikakata mguu wa kulia inchi mbili. Kanuni ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba kila ingizo lina mwenzake upande wa pili. Mimi yote mawili niliyaweka kulia. Na hesabu zisipolingana hufanyiwa marekebisho. Nikarekebisha: kushoto, inchi nne. Zikalingana.

Ikaja zamu ya kushona. Gurudumu la cherehani cha miguu likizunguka kinyume uzi hukatika, na langu lilijua njia moja tu, hiyohiyo ya kinyume. Lilipokubali hatimaye, nilipiga pindo lililonyooka kama rula. Nikavaa. Mguu ukateremka vizuri mpaka chini, ukagota. Nilikuwa nimeshona mbele na nyuma pamoja.

Nilifumua, nikashona tena, na Jumanne nikaivaa kwenda kuswali Magharibi, nione watu watasemaje. Kijana mmoja wa safu ya mbele, wa wale ambao suruali zao haziruhusiwi kufika kwenye kifundo cha mguu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yanamlengalenga, akaniombea Mungu anithibitishe. Hiyo ndiyo sifa pekee ambayo ushonaji wangu umewahi kupata.

Jumatano nikaenda kwa kijana wa hapo nje. Akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akaifunua suruali, akainyamazia.

"Mzee, nani kakufanyia hivi?"

"Fundi mmoja wa Tanga," nikasema. Baba anisamehe huko aliko.

Bahati njema vipande vyote vitatu nilikuwa navyo, mhasibu hatupi kitu. Akasema ataviunga na kuuficha mshono ndani ya mkunjo. Nipitie Ijumaa.

Ijumaa jioni, saa 16 kabla ya harusi, nilisimama mbele yake. Juu ya rafu nyuma yake niliuona mfuko wangu wa nailoni, fundo nililolifunga mwenyewe liko vilevile. Akanitazama usoni bila kupepesa.

"Mzee, imebaki vifungo tu."

Nikamnunulia soda. Suruali ile ina kifungo kimoja, nacho hakijawahi kutoka.