Iliki Nyeusi

"Baba, hii iliki nyeusi mmeipata wapi?" aliuliza mama mkwe jana alasiri, akigeuza kidoleni chembe aliyoichomoa kwenye kipande chake cha mkate wa kumimina. Aliuliza kwa upole, na upole wa mkwe wa Tanga una makali yake. Ilikuwa jivu. Meza nzima ikanyamaza kunisubiri mimi, mkwe mwanamume, nijibu.

Chungu nilichookea mkate huo ni cha chuma cha kusubu, kina miguu mitatu na uzito wa kama kilo 9. Shemeji alikibeba kutoka Utah, Marekani, ambako tangu 1997 chungu cha namna hii kinatambuliwa kisheria kuwa chombo rasmi cha mapishi cha jimbo. Huwa kina kulabu yake ya kunyanyulia mfuniko. Kulabu shemeji aliiacha kupunguza uzito wa begi, na nafasi yake ikakaliwa na raba zake.

Haki ya Mungu, ni chombo cha ajabu. Mfuniko una ukingo uliosimama pande zote ili makaa yasiporomoke. Anayeoka huweka kama theluthi mbili ya makaa juu, theluthi moja tu chini, kwa sababu joto la chini hupanda lenyewe na kushambulia kitako, ilhali la juu lazima lishurutishwe kushuka. Halafu chuma hiki hakisambazi joto upesi kama alumini: hupokea polepole, hulimbikiza, kikishashiba hakiachii. Ndiyo maana makaa ya chini hupangwa duara pembezoni, wala si katikati, na kila baada ya muda chungu huzungushwa robo kulia, mfuniko robo kushoto, kaa kali lisiunguze mahali pamoja. Nilizungusha alasiri nzima kama mtu anayetafuta stesheni redioni. Abraham Darby, yule Mwingereza aliyepata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga mwaka 1707, angenipa mkono.

Mkate haukuwa na kasoro. Mchele ulilala majini usiku kucha, ukasagwa na tui zito, hamira ikapandisha povu hadi mdomo wa bakuli. Harufu ya nazi na iliki ilipotoka, wageni wakasogeza viti. Nikaushika mfuniko kwa koleo, upande mmoja, maana koleo halina upande wa pili. Ukainama. Na upepo wa kusi, ambao tangu asubuhi haukuwa umetikisa hata kanga kambani, ukachagua dakika hiyo.

Mama mkwe akaomba sufuria ya alumini na kipande cha bati. Akapalia mkate mwingine huku akisimulia harusi ya Pangani, hakuzungusha kitu, na ulitoka na rangi ya asali kuanzia ukingo hadi katikati.

Hapo ndipo panaponikera. Kijitabu kilichokuja na chungu kinayaita mapishi haya burudani ya familia. Mama huyu amepalia makaa juu ya bati tangu usichana wake, macho yakiwaka moshi, na kila aliyemletea jiko la gesi alimpongeza kwa kutoka gizani. Mwanamume akiweka makaa juu ya mfuniko wa ughaibuni, jirani anatoa simu ampige picha. Wanawake wa pwani wameoka hivi uani vizazi na vizazi, bila kulabu wala kijitabu, na sijasikia bunge lililokaa kuijadili sufuria yao.

Mengine ni madogo. Samaki wa ndimu alibandua utando mweusi wa mafuta unaokilinda chuma, mchuzi ukawa na ladha ya msumari. Binti alikilaza majini, kikaamka na kutu. Mguu mmoja umetoboa zulia la sebuleni.

Shemeji ameandika asubuhi hii: kulabu inakuja Desemba na mgeni, nauli ya mzigo ni juu yangu.