Heko, Irabu za Kiingereza

Zimesemwa vya kutosha. Watahiniwa wanazilaani, walimu wanazilalamikia, na Waingereza wenyewe, wakikutana na mgeni aliyesoma vitabuni tu, huomba radhi kwa niaba yazo. Leo na mimi nizisifu, maana sijaona mwingine aliyejitolea.

Irabu zetu tano zina herufi tano, kila moja na nyumba yake, na kila usiku inalala humo. Ni tabia njema, ila haimlishi mtu. Mtoto akishamaliza ba-be-bi-bo-bu anasoma gazeti zima, hata asipolielewa, na mwalimu hana tena cha kumtishia. Kiingereza nacho kina herufi zilezile tano, lakini katika matamshi ya kusini mwa Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ndiyo yaliyohesabiwa kuwa sanifu, zinabeba sauti zipatazo 20: 12 za kusimama peke yake, na diftongi 8, yaani irabu inayoanzia huku ikaishia kule kabla hujavuta pumzi nyingine. Hapo ndipo riziki ilipo.

Keti nyuma ya darasa usikilize. Mwalimu anaandika ubaoni: hat, hut, hurt, heart. La kwanza analipanulia mdomo, la pili analikatiza, la tatu analivuta huku midomo imelegea, la nne analitoa kooni. Darasa linaitikia kwa umoja: hat! hat! hat! hat! Hapana, anasema, sikilizeni vizuri. Linasikiliza vizuri, kisha linarudia kwa bidii zaidi: hat! hat! hat! hat! Kengele inalia, kesho kazi ipo palepale. Nitajieni mradi wa ajira, wa serikali au wa wafadhili, uliodumu hivyo.

Na wala darasa hilo si la kuchekwa. Anayechekwa kuliko wote ni mtoto anayesoma “name” vilevile ilivyoandikwa, na-me, na “time” akaisoma ti-me. Laiti angezaliwa London enzi za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400! Wakati huo “name” ilikuwa na aa ndefu ndani yake, “time” ilikuwa na ii, na “house” uu, na mtoto wetu angepita mtaani bila kugeukiwa shingo. Baadaye irabu ndefu zote zikahama, kidogo kidogo, kwa karne kadhaa. Mwanaisimu Mdenmaki Otto Jespersen ndiye aliyeupa uhamaji huo jina la Badiliko Kuu la Irabu. Mwaka 1476, safari ikiwa imeshaanza, William Caxton akafungua kiwanda cha uchapaji Westminster. Tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi wakati vinywa vinaendelea na mwendo. Kwa hiyo mtoto hajakosea. Amechelewa tu, tena miaka 600.

Sifa nyingine ya irabu hizi ni kwamba zinapanga watu kwa madaraja bila kuomba kitambulisho. George Bernard Shaw alitunga mchezo mzima juu ya jambo hilo, Pygmalion, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1913: muuza maua anafundishwa matamshi mpaka anadhaniwa kuwa mwanamke wa tabaka la juu. Kwetu huduma hii inalipiwa ada. Mzazi anamwita mwanawe wa English medium sebuleni mbele ya wageni. “Umekula?” “Nou,” anajibu mtoto, na ndani ya hiyo o mna kona imekunjwa vizuri. Baba anatabasamu. Hesabu mtoto amepata 31, lakini nani atauliza hesabu baada ya “nou” ile? (Mama anauliza, ila jikoni.)

Shaw huyohuyo alichoka nazo, akaacha wosia wenye fedha za kutengenezea alfabeti mpya. Mwaka 1962 mchezo wake mmoja ulichapishwa kwa herufi hizo. Irabu hazikushtuka.

Lakini ninayoiheshimu kuliko zote ni shwa, ile sauti hafifu ya mwishoni mwa “doctor”. Katika mazungumzo ya Kiingereza hakuna irabu inayosikika mara nyingi kuizidi, na herufi yake yenyewe haina. Inajibanza leo kwenye a ya “about”, kesho kwenye e, keshokutwa kwenye o. Haidai mdomo ufunguliwe wala ulimi unyanyuliwe. Cheo kikubwa, kazi ndogo, ofisi haijulikani: wako wakubwa wangapi wanaoota maisha hayo? Sisi tuliihurumia tukaipa a ya kudumu, ndiyo maana tuna dokta, ticha, sista na dereva.

Wasiwasi wangu ni mmoja tu, kwamba zile diftongi 8 hazitabaki 8. Waingereza wengi siku hizi wanatamka “poor” na “pour” sawasawa, diftongi imekwenda zake. Na kusini mwa Marekani “ride” wanaivuta ikawa aa tupu, sauti ambayo darasa letu lingeitoa bila kufundishwa. Wachapishaji hawalalamiki. Kamusi ya matamshi ya Kiingereza ya mwanafonetiki Daniel Jones ilitoka mwaka 1917, na kufikia 2011 ilikuwa kwenye toleo la 18.