Kwa Heshima ya Bomba Lililotoboka

Huku kwetu Kongo pikipiki huitwa moto, na ile yangu imejitahidi kulistahili jina. Kwa Kiswahili cha vitabuni moto ni kile kinachounguza. Kwa Kilingala, sauti ikiwa chini neno hilo ni mtu. Ikianzia juu, ni kile kile kinachounguza. Moto yangu ni vyote vitatu: inabeba mzigo, inawaka, na ina tabia. Leo nimekuja kuisifu, hasa kiungo chake ambacho watu wenye akili hukitukana. Nalisifu bomba la moshi lililotoboka.

Kutoka Kisangani hadi Yangambi ni kama kilomita 100 za udongo mwekundu, ukingo wa kulia wa Mto Kongo, ukiteremka na maji. Mwenye bomba zima huipita njia hii kama mwizi. Inambidi apige honi kwa kila mbuzi, kwa kila baiskeli yenye magunia ya makala, yaani makaa, kwa kila mama aliyeanika muhogo kandokando. Mimi sina kazi hiyo. Honi yangu ilikufa kwa mvua ya mwaka juzi, na sikuililia, maana bomba lilikwisha kuirithi. Nikiwa bado nyuma ya kona mbuzi wamehama, muhogo umesogezwa, na wale vijana wanaofukia mashimo ili wadai pesa wamekwishanyoosha kamba. Kwa hao wa mwisho, nakiri, kimya kingenifaa zaidi.

Tena hapa si mahali pa kuonea kelele haya. Tuko katika nchi ya Waturumbu na Walokele, na Walokele ndio waliofundisha gogo kusema. Ngoma yao huchongwa katika gogo moja, likakombwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba, na midomo miwili ya mpasuko huo hutoa sauti mbili, moja nzito na moja nyembamba. Kwa kuwa lugha yao yenyewe hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, mbili hizo zinatosha kutangaza msiba, au kumwita kwa jina mtu aliye ng'ambo. Ila maneno mengi hufanana kwa mapigo, basi mpigaji harushi neno tupu. Hulivisha maneno mengine mpaka lisikosewe. Mwingereza John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu, njia hii hii yetu, alilichunguza jambo hilo kwa miaka na mwaka 1949 akatoa kitabu chake, Talking Drums of Africa. Angeisikia moto yangu angeongeza sura moja.

Maana nayo ina sauti mbili. Ya kwanza hutoka mkiani: pa! Kavu, nyembamba, mara nyingi pa-pa-pa, ninapoachia gesi kuteremka mlima. Ya pili hutoka mdomoni, kwenye kabureta, asubuhi injini ikiwa baridi: bfu, kama mzee anayepiga chafya ndani ya kanzu. Vijana wa pakingi hawatofautishi. Kwao yote ni mamoja, moto ya fulani inatupa masasi, yaani risasi. Fundi wetu, ambaye karakana yake ni mwembe mmoja na sanduku la spana, hutofautisha kama Mlokele na ngoma yake. Chafya ya mbele, anasema, utafute kwenye valvu, kwenye saa ya cheche, au kwenye hewa iliyozidi mafuta. Ya nyuma, lishike kwanza bomba.

Na alinieleza sababu, nami nikazidi kulipenda bomba langu. Kila mwako ukitoka kwa kishindo, nyuma yake hubaki upungufu wa hewa kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Bomba zima halina la kufanya ila kusubiri mwako wa pili. Bomba lililotoboka huvuta pumzi. Hewa mbichi huingia kwa ule ufa, nayo wakati huo, kwa kuwa nimefunga gesi na moto inasukumwa na mlima, ndani ya injini mchanganyiko umekuwa mwepesi mno hata cheche haiushiki. Esansi hutoka haijaungua, huingia bombani na kukuta hewa imekwisha kufika, na mwali wa mzunguko unaofuata huwakuta wote wawili wamekaa pamoja. Pa! Yaani moto yangu ina chumba cha pili cha mwako, ambacho kiwanda hakikuniuzia. Wangapi hupata zaidi ya walicholipia?

Bomba hili ni kweli tupu, halisemi uongo. Ukinunua esansi kwa makadafi, wale wauzaji wetu wa chupa barabarani, huwezi kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa; rangi inadanganya, muuzaji anaapa. Bomba langu hutoa ushahidi kabla sijafika mtaa wa pili. Lina hekima pia ya kutia alama watu wake. Tazama shavu la mguu wa kulia la abiria yeyote mzoefu, utaona doa lenye umbo la jani, lilipomgusa bomba la mtu. Tumetiwa muhuri sote, mwalimu na muuza samaki, na tukikutana hatuulizani lilikotoka.

Yangambi yenyewe ni mji wa watu wanaopima. Tangu 1933, Wabelgiji walipoanzisha INEAC, ule utafiti wa kilimo ambao leo tunauita INERA, hapa watu wamekausha majani, wamehesabu mibuni, wamekata magogo vipande vya kutazamwa kwa darubini. Na tangu 2020 umesimama msituni mnara wa mita 55, CongoFlux, wa kwanza wa aina yake katika Bonde la Kongo. Kazi yake ni kusikiliza pumzi ya msitu: umevuta hewa ya kaboni kiasi gani, umetoa kiasi gani. Mara nyingi nimepita nikijiuliza kama kule juu, kati ya mistari ya pumzi ya miti, hakuna kimstari kimoja kilichoruka saa kumi na moja jioni, ambacho mtaalamu mmoja huko Ubelgiji anakikunia kichwa. Kama kipo, ni mimi. Salamu.

Sifa zangu zilikwama Kisangani. Mama yangu mkubwa anakaa komini ya Tshopo, si mbali na daraja, nami kila mwisho wa mwezi humpelekea mchele wa huku. Siku hiyo nilifunga gesi mbele ya lango lake na bomba likasema maneno yake matatu. Nilipoingia uani sikumwona. Sufuria ilikuwa motoni, kibao cha kukalia kimepinduka. Alikuwa ndani, amelala kifudifudi kati ya kitanda na ukuta, mikono juu ya kichwa. Yeye alikuwa katika nyumba hiyo hiyo kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigania mji wetu kana kwamba sisi hatumo. Aliinuka, akajipangusa kitenge, akaniuliza habari za watoto. Hakusema neno juu ya moto. Mimi ndiye niliyekumbuka vijana wa pakingi na lile neno lao, masasi, ambalo nilikuwa nalicheka.

Ngoma ya Walokele husema ni nani anayepiga na anamwita nani. Bomba langu lilikuwa limesema pa tu, na kila mtu akalivisha maneno aliyokuwa nayo.

Basi nikarudi kwenye mwembe. Fundi alitia mafuta kwenye nati mbili zinazoshika bomba kwenye kichwa cha silinda, akaniambia nirudi kesho. Nati zilizoshikwa na kutu ukizilazimisha, unavunja bolti na unabaki na kilio. Kesho yake zilitoka. Ndani kulikuwa na kile kipete cha shaba kinachoziba kiungo, kimebanwa bapa, upande mmoja umekuwa mweusi. Masizi ndiyo shahidi wa ufa, alisema, moshi haupiti mahali bila kuandika jina. Kipete kipya hakikuwepo Yangambi. Alikiweka cha zamani juu ya makala mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza kwenye maji. Nilidhani amekiharibu, maana chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume: hulainika, ikakubali tena kubanwa kama mpya. Nimesoma miaka mingi na hilo sikulijua.

Lile tundu la chini ya kona tulilipeleka kwa mchomeleaji mwenye jenereta. Alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akaweka kiraka, akashona. Kurudisha bomba nako kuna adabu yake. Nati hii kidogo, nati ile kidogo, kwa zamu, la sivyo kipete kinalalia upande. Halafu kabureta: kile kijitundu cha mafuta ya polepole kilikuwa nusu kimezibwa na takataka za chupa za makadafi. Akakipuliza, akakipitishia uzi mmoja wa waya wa umeme, akazungusha skrubu ya hewa nusu duara. Mwisho aliwasha injini, akakunja kitambaa kinene na kuziba nacho mdomo wa bomba kwa nukta chache. Injini ikahema, ikataka kufa. Hakuna kilichofoka kwenye kiungo. "Sasa imefunga mdomo," alisema, na akaniangalia kama mtu anayenipa pole.

Niliteremka mlima nimefunga gesi. Kimya. Mbuzi mmoja nusura anitie mtoni. Wale wenye kamba walikuwa bado wamelala kivulini nilipowapita, na hilo naliandika katika hesabu ya faida.

Kwa mama mkubwa nilizima injini langoni na kusukuma moto mpaka uani. Alikuwa anatwanga sombe, amenipa mgongo. Kivuli changu kilipoangukia kinu aligeuka na mchi juu, tayari kunipasua.

"Ni mimi, mama."

Alishusha mchi taratibu. Akaitazama moto, akanitazama mimi.

"Na honi?"

"Ilikufa zamani, mama."

"Basi kesho rudi kwa fundi wako."