Nimemeza au Sijameza?

Kiswahili kilijiandaa mapema kwa ajili ya watu wanaosahau. Kina neno "nanihii", ambalo halina maana yoyote na kwa hiyo lina maana zote. Mtu akisema, "Nipe hiyo nanihii iliyo juu ya nanihii kabla nanihii hajaja," nyumba nzima inaelewa: ufunguo, juu ya friji, fundi bomba. Kwa mwanamke anayemeza tamoksifeni baada ya kutibiwa saratani ya matiti, neno hilo huacha kuwa la dharura likawa la kila saa. Dawa yenyewe ni miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida miaka 5, wengine 10. Kwa hiyo miaka 5 tu ni vidonge zaidi ya 1,800, kila kimoja kikidai kukumbukwa kwa siku yake. Na moja ya malalamiko ya wanaoimeza, ukiacha yale majasho ya ghafla, ni kwamba wanasahau. Ni kama kumkabidhi mtu barua ya kusoma kila asubuhi huku umemnyang'anya miwani. Watu wa nyumbani hucheka, naye hucheka nao, kisha usiku anajiuliza kama akili ndiyo inamtoka. Haimtoki. Hoja yangu ni kwamba mama huyu hasahau kupita kiasi. Amebebeshwa vya kukumbuka kupita kiasi, na tiba imekuja kumpunguza nguvu mpagazi bila mtu yeyote kupunguza mzigo.

Jina la tiba lenyewe linamchanganya hata mwenye kumbukumbu zake zote. "Tiba ya homoni" ni kumwongezea mwanamke estrojeni anapofikia ukomo wa hedhi, na ni jina hilo hilo la kuizuia estrojeni isifanye kazi pale anapokuwa na saratani inayolishwa nayo. Kujaza tangi na kulikausha vyote vimeitwa "huduma ya maji", halafu tunashangaa wateja wanagombana dirishani. Tamoksifeni iko upande wa kuzuia: inaingia kwenye kipokezi cha estrojeni katika seli za titi na kukaa humo, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kitasa, hata ufunguo halali ukija haupati pa kuingia. Na haikuletwa duniani kwa kazi hiyo. Wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza, miongoni mwao Dora Richardson, waliiunda mwaka 1962 katika msako wa dawa ya kuzuia mimba. Ilipofika kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea mayai kutoka. Ni mtoto aliyetumwa chumvi dukani akarudi na sabuni. Bahati nzuri walikuwepo waliotambua kwamba sabuni nayo ilikuwa inahitajika: matokeo ya majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya matiti katika Hospitali ya Christie, Manchester, yalichapishwa mwaka 1971, Uingereza ikaipitisha 1973, Marekani 1977, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa iliyosahau ilichotumwa haina ubavu wa kumcheka anayeimeza.

Je, kweli inasahaulisha? Watafiti wa Uholanzi waliwapima wanawake waliokwisha koma hedhi, kwanza kabla hawajaanza dawa, kisha baada ya mwaka mmoja, na mwaka 2010 wakatoa majibu: waliomeza tamoksifeni walikuwa nyuma ya wanawake wenye afya katika kukumbuka maneno na katika kupanga mambo. Waliomeza eksemestani, dawa nyingine ya homoni yenye njia yake tofauti, hawakuonekana kuwa na upungufu huo. Wenzao wa Uingereza, mwaka 2008, walikuwa wamelinganisha anastrozoli, nayo dawa ya homoni, na vidonge bandia wasione tofauti. Kwa hiyo si kila dawa ya homoni inashitakiwa kwa kosa lilelile. Ila ushahidi wa Uholanzi unalingana na maisha: kinachoguswa ni maneno. Mama hajasahau kupika pilau. Amesahau neno "bizari". Sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, hipokampasi, ina vipokezi vya estrojeni, na tangu mwaka 1990 imejulikana kwamba katika panya jike vijichipukizi vya seli za neva za sehemu hiyo huongezeka na kupungua kadiri homoni zinavyopanda na kushuka. Ukiingiza mkono kwenye homoni, usitegemee maktaba isitikisike hata kidogo.

Hapo ndipo mjuaji wa mtaa anapovuta kiti. "Huo ni uzee tu," atasema, au kwa ukali zaidi, "Hayo ni mawazo." Nusu ya maneno yake ni kweli, na tumpe haki yake. Wengi wa wanawake hawa walipitia dripu za dawa kali kabla ya vidonge. Majasho huwaamsha usiku wa manane kubadili shuka, na asiyelala hakumbuki. Hofu ya ugonjwa kurudi nayo inakula nafasi kichwani. Hata bila saratani, utafiti mkubwa wa wanawake wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wakati wa kuelekea ukomo wa hedhi uwezo wa kujifunza mambo mapya hudorora kidogo, kisha hurudi. Lakini mjuaji ana karata nyingine anayodhani ni turufu: wanaolalamika sana kusahau mara nyingi hufaulu vizuri tu mtihani wa kumbukumbu. Basi wanadeka! Taratibu. Tutazame kwanza mtihani wenyewe. Chumba kimya, mlango umefungwa, mtaalamu anasoma orodha ya maneno polepole, na mtahiniwa hana kazi nyingine duniani ila kuyasikiliza. Sasa nenda jikoni kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai inafurika kwenye sufuria, mtoto mmoja anauliza soksi, mwingine anadai hela ya mtihani wa kujipima, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na humo wifi anauliza mchango wa harusi mwisho lini. Katikati ya hayo yote anaanza kutafuta simu. Yule aliyefaulu chumbani na huyu anayefeli jikoni ni mtu mmoja, na hakuna anayedanganya. Ni mitihani miwili, na wa jikoni ndio mgumu.

Nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo. Mwanasaikolojia Daniel Wegner wa Marekani alieleza mwaka 1985 na wenzake jinsi watu wanaoishi pamoja wanavyogawana kumbukumbu: huyu anajua hili, yule lile, na kila mmoja anajua amuulize nani. Maelezo mazuri, ila ingia katika nyumba zetu nyingi uone mgawanyo ulivyo. Baba hajui siku ya kuzaliwa ya mwanawe wa tatu, hajui kadi ya bima iko wapi, hajui kama anakunywa dawa ya presha asubuhi au jioni. Anajua jambo moja, nalo linamtosha: "Muulize mama." Hajawahi kuitwa msahaulifu hata siku moja, kwa kuwa kumbukumbu yake ameiweka amana kwa mwenzake. Vivyo hivyo watoto, mashemeji, na kikundi cha kufa na kuzikana. Mama ni stoo ya ukoo. Tamoksifeni ikimgusa kidogo tu, watu saba kwa mpigo wanapoteza kumbukumbu, na wote saba wanamnyooshea kidole yeye. Mchuzi umetiwa chumvi mara mbili, wifi anakunja uso mezani, na hakuna anayeuliza kwa nini kati ya wote walioshika matonge ni mmoja tu aliyekuwa na wajibu wa kujua kama chumvi imeshatiwa. Dozi ya kwanza ya tiba, kwa maoni yangu, ni kurudishiana mizigo. Mwenye presha aijue presha yake. Anayeoa asimamie daftari la michango.

Wapo wenye ushauri mfupi zaidi: aache vidonge, akili irudi. Ushauri huu una bei. Kwa saratani zenye vipokezi vya estrojeni, kumeza tamoksifeni kwa takriban miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Theluthi haiachwi kwa sababu ya kutafuta miwani iliyo kichwani. Wanaokatisha ni wengi hata hivyo: kati ya wanawake 8,769 wa kaskazini mwa California waliofuatiliwa, ni asilimia 49 tu waliomeza dawa zao za homoni kwa muda wote na kwa ratiba. Anayeona kusahau kumemzidi amweleze daktari, kwa sababu dawa za aina hii ni zaidi ya moja na usingizi nao unatibika. Na anayepotea njia ya kwake mwenyewe, au kuchanganyikiwa ghafla, asingoje tarehe ya kliniki. Wanaume nao wasicheke sana. Wanaozuiwa homoni kwa sababu ya saratani ya tezi dume wanayajua majasho hayohayo, na wapo wanaorudi kutoka chumbani mikono mitupu wakisema, "Nilikuwa nafuata nini vile?"

Tuje kwenye swali lililo juu ya ukurasa huu. Mtu amesimama na glasi ya maji, anakitazama kikopo cha dawa, hakumbuki kama ameshameza. Anajiona ameshika kidonge, anahisi hata kile kiuchungu ulimini. Lakini ni cha leo au cha jana? Kitendo kinachofanyika kila siku kwa namna ileile hakiachi alama yake mwenyewe. Siku 400 zimelaliana kama kanga kwenye kabati, huwezi kuvuta moja bila kutoka na tatu. Kujikaza hakusaidii hapa, kunazidisha picha za uongo. Alamu ya simu inasaidia nusu: inalia mikono ikiwa kwenye unga, inazimwa kwa kiwiko, na kwa dakika tano zinazofuata kuzima alamu kunahesabiwa kuwa ndiyo kumeza. Lile fundo la kwenye pindo la kanga lina kasoro ya zamani, kwamba linakumbusha kuwa kuna jambo bila kusema ni jambo gani. Wataalamu wa kumbukumbu wanajua kwamba kukumbuka kwa kufuata saa ni kugumu kuliko kukumbuka kwa kufuata tukio. "Saa moja na nusu nimeze" inapotea. "Nikishaswali Alfajiri, kabla ya kukunja mswala, nameza" inakaa. Asiyeswali ana mswaki, ana kikombe cha chai cha kwanza. Na ikitokea siku moja imempita, asimeze viwili kesho yake kufidia. Tamoksifeni hukaa mwilini siku nyingi, haitoki kwa usiku mmoja.

Kuna wanaosema kuegemea vikopo na makaratasi kunaizoesha akili uvivu. Wamwambie mwenye duka. Ana daftari la madeni chini ya kaunta, limechakaa kingo, kila jina na kiasi chake, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia, "Mangi, kumbe unasahau." Anaitwa makini. Daftari lilelile likiwa mkononi mwa mama anayeumwa linageuka ushahidi wa akili kupungua. Kama ni makini dukani, ni makini na jikoni.

Basi kwa shilingi chache anunue kile kisanduku cha plastiki chenye vichumba saba, kijazwe Jumapili, kikae karibu na birika, na ajazaye awe yule aliyezoea kusema "muulize mama". Siku ya Alhamisi, swali likija tena, kifungue cha Alhamisi. Kikiwa kitupu, ameshameza. Kikiwa na kidonge, bado.